Sikio la Kulia

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakujua kunong'ona. Si kwamba alikuwa mkali au mtu wa kujikweza. Sauti yake mwenyewe hakuisikia, kwa hiyo hakuwa na kipimo chake. Akidhani anasema chini chini, mtaa mzima wa Ujiji unapata habari. Siku moja msibani aliniinamia aniambie siri, kwamba pilau ya hapo imetiwa chumvi kama ya kulamba ng'ombe, na wafiwa wote wakageuka kututazama. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Yeye akaendelea kula.

Masikio yake yaliliwa na mashine. Tangu ujana wake alisaga mahindi na muhogo mkavu kwenye banda la mabati, injini ya dizeli upande mmoja, kinu upande wa pili, na mkanda katikati unaopiga kelele kuliko vyote viwili. Mteja akiingia mle hasemi, anaonyesha. Vidole ni idadi ya madebe, kiganja kikisuguliwa maana yake laini, ngumi ikitikiswa maana yake usikoboe. Mama aliniambia kwamba miaka ya mwanzo baba alikuwa akirudi jioni analalamika masikio yanalia kama nyenze, na asubuhi nyenze wamenyamaza. Halafu ikafika asubuhi ambayo hawakunyamaza. Zikatangulia kupotea sauti nyembamba, za ndege na za watoto na ya mama mwenyewe, na mama akamnunia akidhani anajifanya hasikii ili asitumwe. Nilipomaliza darasa la saba alikuwa kiziwi kabisa, na nyumbani tulikuwa tunaongea naye kwa mikono ile ile ya mashineni, tukiongeza ya kwetu.

Hospitali walimpima, wakamwandikia daftarini kwa herufi kubwa: kelele ndiyo iliyokula masikio yako, Mzee, na hayatarudi. Maneno hayo aliyapenda. Unaweza kushangaa mtu kupenda maneno kama hayo, lakini kabla ya hapo watu walikuwa wanasema amerogwa, wengine wanasema ni adhabu. Daktari alimpa sababu, na sababu ni kitu cha kushika mkononi. Akawa mhubiri wa sababu hiyo. Kijana akipita na pikipiki iliyotolewa kizuia sauti, baba anamsimamisha na kumpigia kelele kwamba kelele zinaua masikio. Tulicheka sana kwa hilo. Laiti ningejua neno hilo litakuja kumfanyia nini.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa nikiwa tayari mwalimu, nafundisha shule moja upande wa Kidahwe na kuishi Katubuka na mume wangu, mtu wa Tabora aliyeletwa Kigoma na kazi ya serikali. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilipotoka hospitali nilikwenda kukaa arobaini nyumbani Ujiji, nikilelewa na shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa anaishi naye. Kwetu mtoto akizaliwa husomewa adhana katika sikio la kulia na ikama katika sikio la kushoto, ili sauti ya kwanza anayoambiwa duniani iwe ya Mungu. Mara nyingi baba wa mtoto ndiye anayesoma. Mume wangu alisema heshima hiyo anampa mzee, na mimi nikampenda siku ile kuliko siku ya ndoa.

Baba alitawadha kama anayekwenda kuswali Idi. Akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya viua. Akamchukua mtoto, akaelekea kibla, akaweka mdomo kwenye kisikio kile ambacho hata hakikuwa kimekunjuka vizuri. Watu husoma hapo kwa sauti ya kubembeleza. Baba yangu alisoma kama yuko mashineni na injini inanguruma. Alipotamka "Allahu Akbar" ya kwanza shangazi aliangusha kikombe cha uji. Mume wangu alirudi nyuma akagonga mlango. Mimi nilishtuka hadi mshono ukaniuma, na kuku wa uani wakatawanyika wakipiga mayowe. Baba hakujua lolote. Alifumba macho akaendelea mpaka mwisho, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu, kisha akamgeuza mtoto akasoma na kule kwingine.

Mtoto alikuwa amelala. Hakukunja hata uso.

"Huyu kweli mjukuu wa mashine," alisema shangazi, akifuta uji sakafuni, na tukacheka wote mpaka nikashika tumbo.

Akawa mtoto wa kusifiwa. Mtoto mpole, mtoto hasumbui. Tuliporudi Katubuka, kipaza sauti cha msikiti kiko nyuma ya ukuta wetu wa uani, watoto wa jirani wanaamka alfajiri wanalia, wangu anaendelea na usingizi wake. Wazazi wenzangu walinionea wivu, na mimi nilijivuna, nisiseme uongo. Baba akawa anakuja Katubuka kila Ijumaa baada ya swala, na ndizi mbivu mkononi, anampakata mjukuu wake kutwa nzima. Walikuwa wanaelewana wawili hao. Mtoto alijifunza mikono ya baba kabla ya mambo mengine yote. Alikuwa akitaka uji anasugua kiganja, laini, kama mteja wa zamani.

Nilikwisha kuona na sikutaka kuona. Wenzake walikuwa wanasema mama, wanasema maji. Wangu alikuwa na sauti moja tu ya koo. Nikajiambia wengine huchelewa. Kisha siku moja sufuria la wali lilinitoka mkononi jikoni, likapiga sementi, mfuniko ukazunguka zunguka kwa kelele hadi ukatulia. Mwanangu alikuwa ameketi hapo nyuma yangu, amenipa mgongo, anachezea kijiko. Hakugeuka. Nikaita jina lake. Nikaliita tena kwa sauti ya darasani. Nikapiga makofi nyuma ya kisogo chake mpaka viganja vikawaka moto. Alipogeuka, aligeuka kwa sababu aliona kivuli changu, akanichekea.

Nilikaa chini palepale kwenye wali uliomwagika. Mume wangu alinikuta hapo.

Habari ilipofika Ujiji, kila mtu alikuwa na sababu yake na dawa yake. Shangazi alikuja na kichupa cha mawese.

"We mwana, hebu mlaze hapa," aliniambia. "Yapashwe moto kidogo, matone tu. Hata wewe ulipokuwa mtoto mama yako alikutia."

"Shangazi, mimi nilikuwa naumwa sikio. Huyu haumwi."

"Sasa kama haumwi mbona hasikii?"

Kichupa nilikichukua nikakimwaga bafuni. Alininunia juma zima. Kigoma tunapikia mawese, tunajipaka mawese, tunakandia mawese, na bado kuna watu wanadhani hakuna tundu la mwili lisilohitaji mawese. Ndugu za mume wangu nao walipiga simu kutoka Tabora. Wao walikuwa wapole. Waliuliza tu kama ni kweli upande wetu kuna viziwi.

Ijumaa iliyofuata baba hakuja. Wala iliyofuata. Nilimpeleka mtoto mwenyewe, na mtoto alipomwona babu yake alimkimbilia huku anasugua kiganja. Baba alirudisha mikono nyuma ya mgongo. Akasimama, akasema anakwenda sokoni, akatoka bila viatu. Mwanangu alibaki katikati ya uwanja amenyoosha mikono. Hali hiyo ikaendelea. Tukifika, anaondoka, au anajifungia chumbani, au anageukia ukuta na kujifanya amelala. Nilimkasirikia. Nilisema moyoni, mtu ambaye ni kiziwi mwenyewe anamwonea aibu mtoto kiziwi, dunia ina mambo. Kuna siku niliapa sitampeleka tena.

Niliipata sababu alasiri moja nilipokwenda peke yangu kumpelekea shangazi dagaa. Tulikuwa uani tunachambua. Baba alikuwa ukumbini, amemaliza kuswali, ameinua mikono kuomba. Alidhani anaomba moyoni. Alikuwa anaomba kwa sauti ambayo hata wauza mkaa wa ng'ambo ya barabara waliisikia.

"Ewe Mola, nisamehe kwa masikio ya yule mtoto. Nilimpigia kelele. Nilikuwa najua kelele zinaua masikio, wewe unajua nilikuwa najua. Sikusikia kama napaza. Yangu uliyachukua polepole, miaka na miaka, yake mimi nimeyaua kwa siku moja. Nisamehe. Usimwadhibu mama yake."

Shangazi aliacha dagaa mkononi. "Yebaba we," alisema. "Kila siku anaomba hivyo. Nilidhani wewe unajua."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake kwenye mswala. Nilimwonyesha kwa mikono, nikamwambia kwa midomo, taratibu, si wewe, baba, si wewe. Alinitazama mdomo, akaelewa, akatabasamu tabasamu la mtu anayepewa pole.

"Wewe unanihurumia," alisema. "Daktari aliniandikia. Daftari ninalo hadi leo."

Ningembishia kwa lipi? Mimi mwenyewe sikujua ni nini kilichomfika mwanangu. Na nitasema ukweli, maneno yale yalikwisha kunitia shaka. Usiku na mchana nilikuwa naisikia ile "Allahu Akbar," namwona yule mtoto wa siku mbili, na kile kisikio. Nikawa nawaza, vipi kama kweli? Nilimpenda baba yangu na nilikuwa nawaza hivyo.

Ndipo ikatangazwa kwamba madaktari bingwa wanakuja Kigoma kuweka kambi, wakiwemo wa masikio. Tulifika alfajiri na tayari benchi lilikuwa limejaa mpaka nje. Sijawahi kukaa na watu wengi kiasi hicho waliobeba kitu kimoja. Palikuwa na mama aliyetoka vijijini, mwanawe aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, akaamka hasikii. Palikuwa na mwanamume mzima aliyechomwa sindano za kifua kikuu zamani, kifua kikapona masikio yakaenda. Kijana mmoja alitokwa na usaha sikioni tangu utoto na kwao wakasema utakauka wenyewe. Mwingine alizaliwa na manjano kali. Kila mmoja alieleza yake, na kila mmoja alimalizia na lile alilodhani alikosea. Yule mama wa kijijini alisema angeuza mbuzi mapema. Hakuna aliyemaliza bila hilo.

Mwanangu walimlaza, wakampachika vitu vidogo masikioni, mashine ikaandika mistari. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wangu, mchovu, ana sauti ya taratibu. Alisema masikio yote mawili hayapokei karibu chochote. Kisha akaanza kuuliza. Alizaliwa kwa miezi kamili? Alilia? Alipata manjano, degedege? Na wewe, mimba ikiwa changa, uliugua?

Nikakumbuka. Kule shuleni, darasa langu lote lilitoka vipele muhula ule, na mimi nikatoka, na homa kidogo. Nilidhani ni mzio, nikajipaka liwa, nikaenda kufundisha.

"Inawezekana ilikuwa rubela," alisema. "Kwa mtu mzima ni homa ndogo tu. Kwa mtoto aliye tumboni, miezi ya mwanzo, inaweza kuharibu masikio kabla hajayatumia. Siwezi kukuapia sasa hivi, lakini ndiyo naiona karibu."

Sikuwa nimekwenda kwa ajili yangu. Nikamwambia habari ya baba, adhana, kelele, kikombe cha uji. Niliona aibu kumweleza. Yeye aliacha kalamu.

"Wote mlishtuka?"

"Wote. Hadi kuku."

"Na mtoto?"

"Alikuwa amelala."

Alisogeza kiti akanielekea. "Mama," alisema, "mtoto mchanga anayesikia angeruka mzima mzima. Angelia. Siku ile alikuwa tayari hasikii. Mzee wako hakumharibia kitu. Masikio ya mzee yaliuawa na mashine ya kila siku kwa miaka. Adhana moja ya mtu, hata apaze vipi, haifanyi hivyo."

Nililia mbele yake bila haya. Nililia kwa vipele vyangu na kwa mwanangu, lakini zaidi, Mungu anisamehe, nililia kwa furaha. Nilikuwa na jibu la kumpelekea baba. Nilikodi bodaboda kutoka hospitali moja kwa moja hadi Ujiji, mtoto katikati yangu na dereva, na njia nzima nilikuwa napanga mikono yangu namna nitakavyomwambia.

Shangazi alikuwa amekwenda mwaloni kununua samaki. Baba alikuwa peke yake ukumbini kwenye mkeka, anarekebisha kamba ya ndoo. Alipotuona akataka kuinuka. Nilimshika bega nikamkalisha, kitu ambacho sijawahi kumfanyia maishani, na mtoto nikamkalisha mbele yake.

Nikaanza. Nilipakata hewa mikononi, kama mtoto mchanga, nikamwonyesha yeye, kofia, kibla. Alielewa mara moja, akageuza uso. Nikamrudisha kwa kidevu. Nikafungua mdomo wangu wote, mkono sikioni. Kisha nikamwonyesha shangazi anaangusha kikombe. Mume wangu anagonga mlango. Mimi nashika mshono. Kuku wanatawanyika. Haya yote hakuwahi kuyajua, alikuwa amefumba macho siku ile, na niliona uso wake ukizidi kuvunjika kwa kila mtu niliyemwigiza, kwa sababu alidhani namwonyesha ukubwa wa kosa. Nikaharakisha. Nikamwonyesha mtoto. Nikaweka viganja chini ya shavu langu, nikafumba macho. Amelala. Nikamtazama. Nikarudia: sisi wote tumeruka, yeye amelala. Nikagusa tumbo langu, nikagusa masikio, nikafunga ngumi. Yalifungwa huku ndani, baba. Kabla yako. Daktari amesema.

Nikaona kitu hicho kikiingia. Kiliingia polepole, kama mtu anayesoma herufi moja moja. Mabega yakamshuka. Aliweka ndoo kando. Nami nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nikimsubiri aseme alhamdulillahi.

"Alikuwa hasikii tangu siku ile," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

"Kumbe hata ile hakuisikia."

Sikuelewa mara moja anasema nini. Alikuwa anamtazama mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa najipa moyo," alisema. "Nilikuwa nasema, nimemuulia masikio, ni kweli, lakini kabla hayajafa yalisikia adhana. Kitu kimoja alichokisikia duniani kilikuwa jina la Mungu, na ni mimi niliyemwambia. Nilikuwa nalala na hilo." Akapangusa uso kwa upindo wa kanzu. "Kumbe hakuna alichosikia. Hakuna hata kimoja."

Mikono yangu ilikuwa bado iko juu, nayo haikuwa na neno la hapo. Nilimwondolea kosa lake na sikujua kwamba ndani ya lile kosa ndimo alimokuwa ameficha faraja yake yote. Ningeweza kumwacha nalo. Nimeliwaza hilo mara nyingi, na sijapata jibu.

"Sauti yangu haijui, basi," alisema, ananiuliza.

Nikatikisa kichwa. Haijui.

Aliivuta ile kamba ya ndoo, akaiachia. Mtoto alikuwa ameshachoka kusubiri, akawa anasogea kwenye mkeka kwa makalio, kidogo kidogo, akimtazama usoni kuona kama atakimbia tena. Baba hakukimbia. Alimfungulia mikono, akamweka kifuani, akamfunika na kanzu kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Basi tuko sawa," alisema, juu ya kichwa chake. "Na mimi yako siijui."

Wote wawili walikuwa wamegeukia mlangoni, wananipa mgongo, wanatazama watu wanaopita. Niliketi nyuma yao nikalia kwa sauti, mdomo wazi, sikujizuia hata kidogo, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mtu wa kunisikia.